Farasi wa Madina, Farasi wa Mtoni na Farasi wa Kwenye Skrini



Mwezi uliopita binti wa dada yangu alinipigia simu saa nne usiku, wakati ambapo huku Tunduma tunajifunika mablanketi na nyinyi huko Unguja mnajipepea. Wengi wenu mnajua kwamba mimi nimeolewa huku bara, huu mwaka wa kumi na moja. Mnajua pia kwamba binti yetu ameposwa na kijana wa hapahapa Tunduma, mfanyabiashara wa mchele anayevuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, karibu kila siku ya Mungu. Mahari yameshakubaliwa. Somo ameshapatikana. Mama yake ameshaanza kuulizia maua ya asumini.

Sasa binti akaniambia kwa sauti ya chini: "Mamdogo, amenambia mwenyewe kwamba anabeti. Nilipomwambia hiyo haramu, akasema yeye habeti mpira, anabeti farasi, na kushindanisha farasi ni Sunna. Kweli?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia anipe siku chache, kwa sababu nusu ya maneno ya kijana yule ni kweli tupu, na nusu ya kweli ukiijibu kwa pupa unashindwa hata kama haki iko kwako. Nikasoma, nikauliza wanaojua kuliko mimi, nikarudi kwenye vitabu vyetu vya historia. Niliyomjibu ndiyo haya, nami nayaweka hapa kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Mshindi wa Madina

Tuanze na ile nusu ya kweli. Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi. Habari hii imo kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.). Farasi waliokuwa wametayarishwa walikimbizwa kutoka mahali panapoitwa Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, na mmoja wa wapokezi akakadiria masafa hayo kuwa maili tano au sita. Farasi ambao hawakutayarishwa walipewa njia fupi, kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kama maili moja tu.

Huko kutayarishwa kulikuwa kazi ya siku nyingi. Farasi alilishwa vizuri mpaka akanenepa, kisha chakula kikapunguzwa kidogo kidogo, akafunikwa nguo atoke jasho, mpaka nyama ikakaza na pumzi ikawa ndefu. Ndiyo maana wakagawiwa makundi mawili. Mnyama asiyekuwa tayari hakubebeshwa mbio asizoziweza.

Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokimbiza, naye alikuwa kijana. Katika mapokezi ya Muslim anasimulia kwamba alifika wa kwanza, na farasi wake kwa kasi aliyokuwa nayo akaruka naye pale msikitini. Huyo ndiye mshindi wa kwanza katika orodha yangu, na mkiweza kumpiga picha mawazoni, kijana mwanachuoni juu ya farasi aliyekataa kusimama, mtaona kwamba dini yetu haikuanza na watu wa kununa.

Kuna mshindi mwingine ambaye hata jina lake halikuhifadhiwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Waislamu walisikitika mpaka ikaonekana nyusoni mwao. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakipandi kitu hapa duniani ila hukishusha. Basi. Hakuna aliyedai marudio, wala hakuna aliyerudi nyumbani na deni.

Na nyinyi maharusi, msiisahau mbio ya tatu. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Wakiwa safarini alishindana mbio za miguu na mumewe, akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa kidogo, wakashindana tena, safari hii akashinda Mtume (s.a.w.), naye akamtania kwamba sasa wamelipana. Miaka imepita kati ya mbio ya kwanza na ya pili, na bado mume anaikumbuka ile aliyoshindwa. Mapenzi ya ndani ya ndoa yanataka kumbukumbu kama hizo.

Sasa zawadi. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), zawadi ya mashindano imeruhusiwa katika ngamia, farasi na mishale, yaani vitu vilivyowafunza watu kuilinda jamii yao. Wanavyuoni wakaeleza namna yake. Zawadi ikitoka kwa kiongozi au mtu wa nje, hakuna neno. Ikitoka kwa mmoja wa washindani peke yake, hakuna neno. Wote wawili wakiweka pesa ili mshindi achukue na cha mwenzake, wengi wao wameiita kamari, na waliotafuta njia ya kuihalalisha walishurutisha aingie mshindani wa tatu asiyeweka kitu. Mtazamaji aliyekaa pembeni, hana farasi, hapandi wala hafunzi, akaweka pesa yake kubahatisha nani atatangulia, huyo yumo moja kwa moja katika maysir iliyotajwa pamoja na pombe katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91.

Kwa hiyo tangu Madina mlango wa mbio ulikuwa wazi na mlango wa kamari umefungwa, na watu waliijua tofauti yake. Nilitaka kuona huku kwetu, katika pwani yetu na bara yetu, mlango gani ulifunguliwa na nani.

Punda weupe wa Mtoni

Unguja haikuwa nchi ya farasi kwa asili, lakini Sayyid Said bin Sultan alipohamishia enzi yake kutoka Maskati alikuja na mapenzi ya farasi wa Kiarabu. Alijivunia kuwatoa zawadi kwa wakubwa wa dunia. Mwaka 1840 jahazi lake Sultana lilipofika New York, chini ya Ahmad bin Naaman, miongoni mwa zawadi za rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili.

Maisha ya ndani ya jumba la Mtoni tunayajua zaidi kwa sababu binti yake Salme aliyaandika. Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, na kumbukumbu zake zilichapwa Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza kwamba watoto wa Sayyid waliovuka miaka mitano, wavulana kwa wasichana, walifundishwa kupanda mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mtoto akishahitimu, baba anamtunza mnyama wake mwenyewe. Wavulana walijichagulia farasi katika mabanda ya baba yao. Wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati, waliopambwa vizuri, na mara nyingi thamani yao ilikuwa kubwa kuliko ya farasi wa kawaida.

Mimi hapo nilisimama. Tumezoea kuambiwa kwamba bibi zetu walifungiwa ndani wasijue kitu. Kumbe binti wa Kizanzibari wa miaka sita au saba alikuwa na mnyama wake na kiti chake, akapanda kila siku kabla jua halijawa kali. Baadaye, alipohamia Beit il Watoro kwa kaka yake Majid, Salme aliendelea kupanda na akajifunza hata kulenga shabaha. Maisha yake ya mbele yalikwenda njia nyingine, aliondoka Unguja mwaka 1866, na leo sizungumzii hayo. Ninachokitaka ni ile picha ya Mtoni: mnyama alikuwa zawadi ya mzazi kwa mtoto aliyejifunza, na kupanda ilikuwa sehemu ya malezi.

Mabaki ya desturi ile tunayaona Lamu mpaka leo. Kule farasi hawapo ila punda, na punda ndiye gari la mji kwa sababu vichochoro havipitishi kitu kingine. Kila Maulidi, na pia katika tamasha la utamaduni wao, vijana hushindana kukimbiza punda ufukoni mwa mji, bila tandiko, huku watu wamejaa gatini wakipiga kelele. Mshindi hupewa zawadi na waandaaji na jina lake hutajwa mtaani mwaka mzima. Punda yule kesho yake asubuhi anarudi kubeba mawe na mchanga. Anayeshinda Lamu ni yule anayemjua punda wake kila siku, si mara moja kwa mwaka.

Kwa nini Songwe haina farasi

Kijana wetu ni mzaliwa wa Songwe, na nilimwambia binti amuulize swali moja dogo: tangu azaliwe amemwona farasi hai mara ngapi? Maana mimi miaka kumi na moja hii, kuanzia Tunduma mpaka Mlowo na Vwawa, nimeona ng'ombe wakivuta mikokoteni, nimeona pikipiki na malori yasiyo na hesabu. Farasi sijamwona.

Sababu si umasikini wa watu wa huku. Ni maradhi. Sehemu kubwa ya nyanda za bara ilikuwa na mbung'o, ambao huwaambukiza wanyama nagana. Na kuna ugonjwa mwingine, wa farasi hasa, unaoletwa na virusi na kusambazwa na vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma usiku. Pundamilia na punda wa Afrika huuvumilia, farasi mgeni hufa kwa siku chache, amevimba macho na povu limemtoka puani. Ugonjwa huo ulipopiga Rasi ya Afrika Kusini mwaka 1854 na 1855 uliua farasi wapatao 70,000.

Vita Kuu ya Kwanza ililionyesha jambo hilo hapahapa. Mwezi Mei mwaka 1916 jeshi la Waingereza la Edward Northey lilivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kuingia nchi iliyokuwa ya Wajerumani, katika ukanda huu wa Songwe na jirani zake. Kaskazini, wapanda farasi wa Afrika Kusini waliingia na maelfu ya farasi, na maradhi yakawamaliza mmoja baada ya mwingine. Mnyama alipokufa, mzigo ulihamia begani kwa mtu. Upande huu wa kusini wapagazi waliitwa tengatenga. Walibeba risasi, unga na majeruhi kwa miguu, kwenye mvua na baridi ambayo mimi mwenyewe naijua, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile hawakurudi kwao.

Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya Waswahili ikakifanya Kariakoo. Kila mama wa Tunduma anayepanda basi kwenda Dar es Salaam kuchukua vitenge na mapazia Kariakoo anaingia mahali palipopewa jina na watu waliobeba mzigo wa farasi. Nairobi nao wanapo pa kwao, wanapaita Kariokor. Na Nairobi ndiko mbio zinakokwenda sasa.

Washindi wa Nairobi

Nairobi iko juu, hewa yake baridi, na walowezi wa Kiingereza hawakukaa miaka mingi kabla ya kuleta farasi. Klabu yao ya mbio ilianzishwa mwaka 1903, wakati mji wenyewe ulikuwa mahema, mabati na reli. Kwa miongo kadhaa mbio zilifanyika upande wa Kariokor na Eastleigh, mpaka mwaka 1954 zilipohamia uwanja wa barabara ya Ngong ulioko hadi leo. Mbio zake kubwa wakazipa majina ya kwao Uingereza, Derby na St Leger, na Derby ya Kenya ndiyo heshima kubwa ambayo farasi wa Afrika Mashariki anaweza kuitafuta.

Katika kitabu cha washindi wa Nairobi kuna jina la mwanamke linalorudi tena na tena: Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mdogo, akalelewa na baba aliyekuwa mfunza farasi. Baba alipofilisika na kuhama nchi, yeye akabaki, akaomba leseni ya kufunza, akaipata akiwa bado msichana. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa nayo Kenya.

Mwaka 1926 alikuwa akimtayarisha farasi dume kwa ajili ya St Leger. Zimebaki wiki chache, mwenye farasi akamnyang'anya na kumpeleka kwa mfunzaji mwingine, kwa kudhani msichana yule hatoshi. Markham akabaki na farasi jike, Wise Child, mwenye kasi lakini miguu yake mibovu, ambaye mazoezi mazito yangemvunja. Akamfunza taratibu, akimlinda miguu kuliko kumharakisha. Siku ya mbio Wise Child alishinda, na yule dume aliyenyang'anywa akawa nyuma yake.

Miaka kumi baadaye, Septemba 1936, Markham aliruka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, na akaanguka salama kwenye kinamasi huko Kanada. Watu wengi wanamjua kwa hilo. Lakini alirudi kwa farasi. Katika miaka ya 1950 na 1960 alikuwa mfunzaji mkubwa Kenya na farasi wake walitwaa Derby mara sita. Alifariki Nairobi mwaka 1986. Simtaji kama kigezo chetu cha maisha, kila mtu na hesabu yake kwa Mola wake. Namtaja kwa sababu ushindi wake ulitoka kwenye kujua mguu gani wa farasi unauma asubuhi hiyo.

Lakini uwanja wa Nairobi ulikuja na kitu ambacho Mtoni hakikuwepo. Pembeni mwa njia ya mbio palikuwa na madirisha ya kupokelea pesa za kamari. Walowezi walizileta mbio na kamari pamoja, kama vile ni mwili na kivuli chake. Watu wengi wa Afrika Mashariki walipoijua mbio ya farasi, waliijua ikiwa tayari imeshafungwa kwenye tiketi. Nadhani ndipo kosa la kijana wetu lilipoanzia, bila yeye kujua. Anaposema farasi, akili yake inaona tiketi.

Washindi wa Dubai

Atakuja mtu aseme: mbio kubwa za siku hizi haziwezekani bila kamari, nani atalipa? Jibu liko pale tunapokwenda kununua dhahabu na mabaibui ya harusi.

Mwaka 1996 Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum alianzisha Dubai World Cup. Zawadi ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa dola milioni 4, na kufikia mwaka 2019 ilikuwa imepanda hadi dola milioni 12. Hufanyika kila mwaka, kwa kawaida mwisho wa Machi, na tangu 2010 uwanja wake ni Meydan. Ndani ya uwanja ule hakuna dirisha la kamari, kwa sababu sheria ya nchi haikuruhusu. Watazamaji hupewa karatasi za kubashiri bila kulipa kitu, na anayepatia hupewa zawadi na waandaaji. Zawadi za wenye farasi hutoka kwa watawala na wadhamini. Nchi nyingine wapo wanaocheza kamari kwa matokeo ya Dubai, hilo tusilifiche, lakini uwanja wenyewe umesimama miaka yote hii bila hiyo.

Na washindi wake ni watamu kuwafuatilia. Wa kwanza, 1996, alikuwa Cigar kutoka Marekani, aliyefika akiwa katikati ya mfululizo wa ushindi ambao ulikuja kufika mbio 16. Mwaka 1999 alishinda Almutawakel, wa Sheikh Hamdan bin Rashid. Mwaka 2000 alishinda Dubai Millennium, ambaye awali aliitwa Yaazer, na Sheikh Mohammed akambadilisha jina kwa sababu aliamini huyu ndiye atakayeshinda mwaka huo. Alishinda kwa mbali sana. Mwaka uliofuata akafa kwa maradhi, ameacha watoto wachache tu. Kumbukeni maneno ya Mtume (s.a.w.) juu ya kinachopanda.

Mwaka 2014 alishinda African Story. Mwaka 2017 Arrogate, ambaye mlango ulipofunguliwa alianza vibaya na kubaki mkiani, watu wakamkatia tamaa, kisha akawapita wote mmoja mmoja. Thunder Snow ndiye wa kwanza kushinda mara mbili, 2018 na 2019. Mwaka 2020 hazikufanyika, uviko ulikuwa umeifunga dunia.

Nimewataja ili mwone kwamba mtu anaweza kuwapenda farasi, akawajua kwa majina, akasimama kwa hamu mpaka mwisho wa mbio, na pesa ya watoto ikabaki kwenye mkoba.

Farasi wa Tunduma

Sasa turudi mpakani. Mnaoijua Tunduma mnajua foleni ya malori ya kwenda Nakonde, wabadilisha pesa na mabunda ya kwacha, madereva wanaosubiri karatasi siku mbili tatu. Mtu anayesubiri ana muda, na mwenye muda hutafutiwa cha kumtia shughulini. Vibanda vya kubeti viko kila kona, na ndani yake kuna runinga.

Nilimwomba mume wangu apite kwenye kimoja atazame farasi hao. Aliporudi alinieleza: wanakimbia kwenye skrini, rangi nzuri, vumbi linaruka, mtangazaji anapiga kelele, na mbio ikimalizika nyingine inaanza baada ya dakika chache. Usiku na mchana. Hawachoki wala hawaugui, maana hawapo. Ni picha za kompyuta. Programu ndiyo inayochagua namba ya mshindi, na malipo yamepangwa mapema ili katika mbio nyingi sehemu ya pesa ibaki kwa mwenye kibanda. Hakuna mguu wa kuuangalia asubuhi, hakuna kitabu cha ukoo wa farasi, hakuna ujuzi hata chembe. Anayesema anawajua farasi wale anajua rangi tu.

Basi nilimwambia binti: mwambie mchumba wako kwamba Sunna anayoitaja ilikuwa na farasi wa kweli, na mpandaji wa kweli, na jasho, na lengo. Aliyeshindwa alirudi nyumbani na farasi wake. Katika kibanda hakuna kimojawapo cha hivyo. Kilichobaki ni lile moja lililokatazwa, limevishwa ngozi ya farasi.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Na kama ataacha kwa mdomo tu?"

Hilo ndilo swali la kweli, dada zangu, wala historia peke yake hailijibu. Nilimpa mambo ya kufanya, nawapa na nyinyi.

Kwanza, uliza kabla ya nikaha, si baada ya fungate. Uliza kiasi gani kwa wiki, tangu lini, na kama kuna deni. Mtu wa kubeti huwa na deni ambalo hata mama yake halijui. Swali hilo si la utovu wa adabu. Mwanamke haki yake ni kujua chakula cha watoto wake kitatoka wapi.

Pili, mshirikishe walii wako. Aibu ya kumtajia baba ni ndogo kuliko aibu ya kurudishwa nyumbani na watoto wawili.

Tatu, usijibebeshe kazi ya kumponya peke yako. Aliyeshikwa na kamari mara nyingi hawezi kuacha kwa kuahidi tu, anahitaji watu wa kumzunguka, imamu wake, kaka zake, marafiki wasioingia vibandani. Mpe muda na umtazame anautumiaje.

Nne, usimdharau. Kijana huyu alisema mwenyewe bila kubanwa. Wapo wanaoficha miaka kumi.

Familia zilikaa. Hatukuvunja posa, na hatukuisukuma mbele pia. Nikaha iliyokuwa iwe kabla ya Ramadhani imesogezwa hadi Mfunguo Mosi, inshallah. Kijana amekiri deni, si dogo, naye na kaka yake wanalilipa kwa pamoja kutoka kwenye mchele. Simu yake ya kutumia pesa iko kwa kaka yake kila jioni. Mimi sijui mwisho wake. Binti yetu naye hajui, ila sasa anajua anachokisubiri.

Juzi kijana alinitumia salamu kupitia kwa binti. Anasema akioa, Maulidi ya mwanzo atampeleka mkewe Lamu wakaone mbio za punda. Nimemjibu kwamba kwanza amalize deni, halafu mimi na mume wangu tutawasindikiza.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, azitie baraka riziki zetu za halali, na awape maharusi wetu wote waume watakaoshindana nao mbio na wakakumbuka walivyoshindwa. Amin.

Wassalaamu alaykum.